Kuifungua nambari kubwa kwa biro na daftari: mfano wa 1,155,574 ya Kisumu

Nina duka dogo la fotokopi hapa Kondele, Kisumu, na karatasi nyingi za watoto wa shule hupitia mikononi mwangu. Jioni moja binti wa kaka yangu aliniletea jedwali la sensa ya 2019 nimtolee nakala. Kwenye mstari wa kaunti ya Kisumu palikuwa na wanaume 560,942, wanawake 594,609 na watu huntha 23. Jumla 1,155,574. Hiyo jumla alikuwa ameipigia mstari kwa penseli.

"Shangazi," akaniuliza, "kaunti yetu ina maeneo bunge saba. Hawa watu wanaweza kugawanywa mafungu saba sawasawa, asibaki hata mmoja?"

"Weka simu chini," nikamwambia. "Lete biro."

Swali lake lilijibiwa kwa mstari mmoja wa kutoa na kujumlisha, kama utakavyoona. Ila jibu lile lilizaa swali jingine, na hilo likazaa jingine, tukaikalia nambari ile jioni tatu. Watu wengi wakiona tarakimu saba zimepangana huona giza. Kumbe nambari hupasuliwa kama jugu: ukishafika kwenye punje zake, unaweza kusema mengi juu yake kwa uhakika, bila kubahatisha. Hatua tulizopitia ni hizi. Fuata ukiwa na biro mkononi, maana kusoma tu hakutakufaa.

Vifaa, na maneno machache

Tafuta daftari la miraba, lile la hesabu, kwa sababu tarakimu zinapokaa kila moja kwenye mraba wake makosa hupungua sana. Kalkuleta ya simu iwe ya kuhakikisha mwishoni tu.

Shuleni tulifundishwa hesabu kwa Kiingereza, kwa hiyo huenda baadhi ya maneno haya ni mageni kwako ingawa mambo yenyewe unayajua. Shufwa ni nambari inayogawanyika kwa mbili, witiri ni isiyogawanyika kwa mbili. Baki ni kinachosalia baada ya kugawanya. Kigawo cha nambari ni kile kinachoigawanya pasibaki kitu: 6 ni kigawo cha 24. Kipeuo cha pili cha 49 ni 7, kwa kuwa 7 mara 7 ni 49.

Nambari tasa ndiyo ya kuielewa barabara. Chukua kreti ya soda. Ina chupa 24, zimepangwa safu 4 zenye chupa 6 kila moja. Zitoe uzipange mezani: zitakubali safu 3 za 8, zitakubali 2 za 12. Sasa ondoa chupa moja zibaki 23. Zipange utakavyo, hutapata mstatili wowote isipokuwa mstari mmoja mrefu. Hiyo 23 ni tasa: haina vigawo ila 1 na yenyewe. Kila nambari kuanzia 2 kwenda juu ama ni tasa, ama ni zao la tasa kadhaa zilizozidishwa pamoja, na tasa hizo ni zile zile kila mara, hata ukianzia upande gani. Ndizo punje tunazozitafuta.

Hatua ya 1: Hakikisha umenakili sawa

Utaona kama hatua ya kitoto. Mimi jioni ya kwanza niliandika 1,155,754 mahali pa 1,155,574, nikahangaika na nusu yake, 577,877, hadi saa nne usiku. Tangu siku hiyo kila nambari ninayoishughulikia huiwekea alama mbili juu ya ukurasa.

Alama ya kwanza ni baki la tisa. Jumlisha tarakimu zote: 1+1+5+5+5+7+4 = 28. Kisha 2+8 = 10, kisha 1+0 = 1. Maana yake ni kwamba ukigawanya 1,155,574 kwa 9 itabaki 1. Njia hii inafanya kazi kwa sababu 10 kwa 9 hubakisha 1, 100 hubakisha 1, 1,000 vivyo hivyo. Kila tarakimu basi huleta baki lake yenyewe, iwe imekaa kwenye mamoja au kwenye mamilioni.

Alama hii inapima pia jumla ya jedwali. Wanaume 560,942 hutoa 26, yaani 8. Wanawake 594,609 hutoa 33, yaani 6. Huntha 23 hutoa 5. Na 8+6+5 = 19, ambayo ni 10, ambayo ni 1. Imekubaliana.

Lakini alama ya tisa ina upofu mmoja: ukipindua tarakimu mbili, jumla haibadiliki. Kosa langu la 1,155,754 lilitoa 28 ile ile. Kwa hiyo weka alama ya pili, ya kumi na moja. Anzia kulia, toa na ujumlishe kwa zamu: 4−7+5−5+5−1+1 = 2. Ile niliyokosea inatoa 4−5+7−5+5−1+1 = 6. Hapo kosa linaonekana papo hapo. Andika juu ya ukurasa wako: *tisa 1, kumi na moja 2*. Tutazihitaji tena.

Hatua ya 2: Tayarisha orodha ya tasa

Andika nambari 2 hadi 100 kwenye miraba ya daftari. Zungushia 2, kisha ukate kila nambari ya pili baada yake. Zungushia 3, ukate kila ya tatu. 4 imeshakatwa, kwa hiyo nenda 5, kisha 7. Ukimaliza 7 umemaliza, maana tasa inayofuata ni 11, na 11 mara 11 imepita 100. Zilizosalia bila kukatwa ni tasa 25. Chekecheke hii huitwa kwa jina la Eratosthenes, mkutubi wa Alexandria wa karne ya 3 kabla ya Kristo. Itakuchukua dakika kumi, na orodha utaitumia maisha yako yote.

Hatua ya 3: Malango madogo, na ile hila ya mikato

Mbili: nambari yetu inaishia 4, ni shufwa. Igawanye, upate 577,787, ambayo ni witiri. Kwa hiyo mbili imo mara moja tu, basi. Kumbuka jambo hilo, litakuja kuwa na uzito.

Tatu: jumla ya tarakimu ilikuwa 28, na 28 haigawanyiki kwa 3. Tatu haimo. Tano: haiishii 0 wala 5. Haimo.

Saba, kumi na moja na kumi na tatu huwachosha watu, ila zote tatu zinapimwa kwa pigo moja. Siri yake ni kwamba 7 × 11 × 13 = 1,001. Elfu moja basi iko pungufu kwa moja tu ya kitu kinachogawanyika kwa zote tatu. Ile mikato tunayoweka kila baada ya tarakimu tatu imeshatukatia nambari vipande vinavyohitajika. Chukua vipande hivyo, anzia kulia, toa na ujumlishe kwa zamu:

574 − 155 + 1 = 420

Nambari kubwa na hii 420 zina baki sawa kwa 7, kwa 11 na kwa 13. Sasa 420 ni 7 mara 60, kwa hiyo saba imo. Ukigawanya 420 kwa 11 inabaki 2, ile ile 2 tuliyoiandika juu ya ukurasa, na kumi na moja haimo. Kwa 13 inabaki 4, haimo.

Nilipomwonyesha mstari huu binti alikaa kimya kidogo, kisha akaurudia mwenyewe kwenye daftari lake. Jibu la swali lake lilikuwa ndiyo: 1,155,574 ÷ 7 = 165,082, asibaki mtu. Nambari inasema tu kwamba mgawanyo huo *unawezekana*. Kwamba kila eneo bunge lina watu wangapi ni swali la jedwali, na huko hesabu ziko mbalimbali.

Kama hila ya vipande hukuipenda, kuna ya pili kwa saba peke yake. Kata tarakimu ya mwisho, izidishe mara mbili, itoe kwenye zilizosalia, urudie. Kwa 577,787: 57,778 toa 14 ni 57,764. 5,776 toa 8 ni 5,768. 576 toa 16 ni 560, nayo ni 7 mara 80. Inakubali kwa sababu kila hatua inaondoa mafungu ya 21, na 21 ni mafungu ya 7.

Hatua ya 4: Safari ya katikati

Ukigawanya kwa 2 na kwa 7 tunabaki na 82,541. Hapa hakuna tena njia ya mkato, ni kugawanya tasa moja baada ya nyingine. Kabla hujaanza, jua utaishia wapi. Vigawo huja wawili wawili, na katika kila jozi mmoja haupiti kipeuo cha pili. Kwa kuwa 287 × 287 = 82,369 na 288 × 288 = 82,944, hatuna haja ya kwenda mbele ya 287. Asiyejua mpaka huu atagawanya hadi achoke, na akiacha hatakuwa amethibitisha chochote.

Saba yenyewe ijaribu tena, maana tasa yaweza kuingia mara mbili: 541 − 82 = 459, na 459 kwa 7 inabaki 4. Haimo tena. Kumi na moja na kumi na tatu tumezikataa tayari. Kuanzia 17 mabaki yetu yalikuwa haya, na ukiyapata tofauti rudia mstari wako:

17 inabakisha 6
19 inabakisha 5
23 inabakisha 17
29 inabakisha 7
31 inabakisha 19
37 inabakisha 31
41 inabakisha 8
43 inabakisha 24
47 inabakisha 9
53 inabakisha 20
59 haibakishi kitu

Jioni ya pili tuliishia 47, umeme ukapotea. Ya tatu, binti mwenyewe ndiye aliyepiga 59. Aliandika 59 mara 1,400 ni 82,600, akatoa 59, akapata 82,541. Hakuhitaji hata kugawanya. Tukapata 82,541 = 59 × 1,399.

Hatua ya 5: Je, 1,399 ni tasa?

Wengi hapa wangeanza upya na 3, 7, 11. Usifanye hivyo. Tasa zote zilizo chini ya 59 tumeshazijaribu juu ya nambari kubwa zaidi zikakataa, isipokuwa 2 na 7 ambazo tulizimaliza. Kwa hiyo kama 1,399 ina kigawo chochote katikati, kila tasa yake lazima iwe 59 au zaidi. Lakini 59 × 59 ni 3,481, imeshaipita 1,399. Hakuna nafasi. 1,399 ni tasa, na hatukuongeza hata mgawanyo mmoja. Katika kazi yote hii, napenda hapa kuliko popote: jasho la Hatua ya 4 linalipa mara mbili.

Basi nambari ya Kisumu ni hii:

1,155,574 = 2 × 7 × 59 × 1,399

Ipime kwa zile alama za juu ya ukurasa. Kwa tisa: 2 × 7 = 14, yaani 5. 59 ni 14, yaani 5. 5 × 5 = 25, yaani 7. 1,399 ni 22, yaani 4. 7 × 4 = 28, yaani 1. Sawa. Kwa kumi na moja: 14 inabakisha 3, 59 inabakisha 4, zao ni 12, yaani 1. 1,399 kwa zamu ni 9−9+3−1 = 2. Zao ni 2. Sawa pia. Sasa ndipo ufungue kalkuleta.

Hatua ya 6: Isomeshe nambari sifa zake

Vigawo ni vingapi? Kila tasa kati ya hizo nne ama iko ndani ya kigawo ama haiko, chaguo mbili kwa kila moja. 2 × 2 × 2 × 2 = 16. Ziandike kwa jozi, kila jozi ikizidishana inarudi kwenye nambari yetu:

1 na 1,155,574
2 na 577,787
7 na 165,082
14 na 82,541
59 na 19,586
118 na 9,793
413 na 2,798
826 na 1,399

Jumla ya vigawo vyote 16 ni ngapi? Usijumlishe orodha. Ongeza moja kwa kila tasa kisha uzidishe: 3 × 8 × 60 × 1,400 = 2,016,000. Nilipoiona mara ya kwanza nilidhani nimekosea, kwa jinsi ilivyotoka imenyooka na sifuri tatu nyuma. Njia hii inafaa pale ambapo hakuna tasa iliyojirudia, kama hapa.

Ukitoa nambari yenyewe kwenye jumla hiyo, vigawo vyake vingine vinabaki 860,426, chini ya 1,155,574. Nambari ya namna hii huitwa pungufu. Ikiwa vigawo vingeizidi ingekuwa zidifu, na vikilingana nayo kabisa ni nambari kamilifu, ambazo ni adimu mno: 6 ni 1+2+3, na 28 ni 1+2+4+7+14.

Sasa mraba. Kama watu wote wa Kisumu wangesimama kwenye mstatili uliojaa, ulio karibu zaidi na mraba ungekuwa safu 826 zenye watu 1,399. Mraba kamili haupatikani, maana tasa zingepaswa kuja wawili wawili. Ila tazama ilivyokaribia: 1,075 × 1,075 = 1,155,625. Wamepungua watu 51 tu.

Mtu anaweza kuuliza: basi nambari yetu si tofauti kati ya miraba miwili mingine, yaani nambari mbili kila moja ikiwa imezidishwa kwa yenyewe? Haiwezekani, na ile mbili moja ya Hatua ya 3 ndiyo sababu. Tofauti ya miraba miwili ni zao la tofauti ya nambari mbili na jumla yake. Jumla na tofauti ya nambari zile zile huwa ama zote shufwa ama zote witiri. Zikiwa witiri, zao ni witiri. Zikiwa shufwa, zao linagawanyika kwa 4. Yetu ni shufwa lakini haigawanyiki kwa 4, kwa hiyo haina pa kuingilia.

Na jumla ya miraba miwili je? Hilo nalo haliwezekani, na safari hii saba ndiyo inayozuia. Chukua mraba wowote ugawanye kwa 7. Mabaki yanayotokea ni 0, 1, 2 au 4 peke yake. Jaribu miraba ya 0 hadi 6, utaona, na baada ya hapo inajirudia. Jumlisha mabaki mawili mawili kati ya 1, 2 na 4: hutapata kamwe 7. Njia pekee ya jumla kugawanyika kwa 7 ni miraba yote miwili kugawanyika kwa 7, na ikiwa hivyo jumla itagawanyika kwa 49. Lakini saba kwetu imo mara moja tu. Mwanahisabati Fermat aliiona kanuni pana ya jambo hili karne ya 17. Miraba minne lakini inatosha kila mara, kwa nambari yoyote ile. Hilo Lagrange, naye mwanahisabati, alilithibitisha 1770.

Hatua ya 7: Ilinganishe na ya Nakuru

Kaunti ya Nakuru kwenye sensa hiyo hiyo ilikuwa na watu 2,162,202. Kigawo kikubwa cha shirika cha nambari hizi mbili, yaani kigawo kikubwa kuliko vyote kinachozigawanya zote mbili, ni kipi? Kwa hili huhitaji kuipasua Nakuru hata kidogo, na ni bahati, kwa sababu ina tasa moja ya tarakimu tano ndani. Njia ya Euclid, Mgiriki wa kale, yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000, inataka ugawanye tu kubwa kwa ndogo, uchukue baki, ugawanye ndogo kwa baki, uendelee hivyo:

2,162,202 kwa 1,155,574, baki 1,006,628
1,155,574 kwa 1,006,628, baki 148,946
1,006,628 kwa 148,946, baki 112,952
148,946 kwa 112,952, baki 35,994
112,952 kwa 35,994, baki 4,970
35,994 kwa 4,970, baki 1,204
4,970 kwa 1,204, baki 154
1,204 kwa 154, baki 126
154 kwa 126, baki 28
126 kwa 28, baki 14
28 kwa 14, baki 0

Baki la mwisho kabla ya sifuri ndilo jibu: 14. Mistari kumi na moja, na kila mmoja unaweza kufanywa na mtoto wa darasa la sita. Kigawe kidogo cha shirika, yaani nambari ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote mbili, nacho unakipata kwa kuigawanya Kisumu kwa 14 kisha uzidishe na Nakuru: 82,541 × 2,162,202 = 178,470,315,282.

Kilicho cha nambari, na kilicho cha mwandiko

Binti aligundua kwamba jumla ya tarakimu zetu, 28, ni nambari kamilifu, akataka tuiandike kwenye orodha ya sifa. Nilimkatalia, tukabishana vizuri sana. Tarakimu ni za mwandiko wetu wa kuhesabu kwa makumi. Kompyuta huandika kwa 0 na 1 tu, kila nafasi ikiwa mara mbili ya iliyo kuliani kwake, na huko nambari ile ile ni 100011010000111110110. Jumla ya tarakimu zake sasa ni 11, wala si 28. Lakini watu wale wale bado wanagawanyika mafungu 7, bado hawapangiki mraba, bado vigawo ni 16. Hivyo ndivyo vya nambari yenyewe. Kipimo cha tisa na cha kumi na moja ni vyombo vizuri vilivyotokana na mwandiko. Usivichanganye na kitu vinachokipima.

Biro inafika wapi

Kwa tarakimu saba au nane njia hii inatosha jioni chache. Ukizidi hapo jasho linaongezeka haraka mno. Nambari maarufu iitwayo RSA-250, ya tarakimu 250, ilipasuliwa 2020 kwa kompyuta nyingi zikifanya kazi pamoja, na ilikuwa zao la tasa mbili tu. Kuzidisha ni rahisi, kupasua ni kugumu, na juu ya ugumu huo zimejengwa kufuli nyingi zinazolinda siri kwenye intaneti tangu miaka ya 1970. Tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana ilitangazwa Oktoba 2024, nayo ina tarakimu 41,024,320.

Zako za kufanya

Zote ni za sensa ya 2019. Anza na Vihiga, 590,013: jumlisha tarakimu kwanza, utafurahi. Halafu Kakamega, 1,867,579. Hapo hila ya vipande inatoa 579 − 867 + 1, yaani hasi 287. Alama ya hasi isikutishe, ipuuze na uangalie 287 kwa 7.

Bungoma, 1,670,570, ndiyo niliyompa binti wa kaka yangu aende nayo nyumbani. Vipande ni 570 − 670 + 1, hasi 99, kwa hiyo kumi na moja imo. Igawanye kwa 2, kwa 5 na kwa 11, unabaki na 15,187. Kipeuo chake cha pili ni 123 na ushei, na tasa ya mwisho chini ya hapo ni 113. Alirudi Jumapili jioni na kurasa mbili za migawanyo, mabaki yote yamepangwa kwenye ukingo wa karatasi, na mstari wa mwisho kabisa ulisomeka: 113, baki 45. Tasa.